Kabla ya kuitika, uliza sauti inatoka wapi

 Wasikilizaji wetu wa Tenke, wa Fungurume na wa vijiji vya kando ya reli, na nyinyi familia mliohamishwa mnaotusoma kwa telefone, juma hili sileti habari ya mgodi wala ya barabara. Naleta habari ya sauti.

Kuna video inayopita kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa hapa. Inaonyesha mwindaji wa Marekani ameketi milimani, mgongo kwenye jiwe, kimya kabisa. Mbele yake, mbali kidogo, ameweka kibafle kinacholia kama sungura anayenyongwa. Muda mrefu unapita. Halafu paka mkubwa wa rangi ya mchanga anatokea kati ya miti, anatembea polepole, macho yote kwenye kile kibafle. Vijana wameniletea maswali: ni kweli yale? Mnyama gani yule? Na hapa kwetu, mtu anaweza kumwita chui au simba namna ile?

Ningejibu hewani kwa dakika mbili. Lakini juma hilo hilo ilipita odio nyingine kwenye telefone, ya kuita watu, na familia nyingi ziliifuata. Nimeona mambo haya mawili ni ndugu, ndiyo maana nimeomba nafasi ya kuandika kwa urefu.

Nianze na yule mnyama. Wamarekani humwita simba wa milimani, na jina lake lingine ni puma. Anaishi kuanzia Kanada hadi kusini kabisa ya Amerika ya Kusini. Si simba kama tunavyomjua sisi. Dume hana manyoya ya shingoni, na hata akitaka kunguruma hawezi, sababu koo lake limeumbwa karibu na la paka wa nyumbani. Hutembea peke yake, huwinda kwa kuvizia, na chakula chake kikubwa ni kulungu. Wawindaji wengi wa kule humfuata kwa mbwa. Wengine humwita kwa sauti. Si kila jimbo linaruhusu: California wananchi walipiga kura mwaka 1990 na kuwinda puma kwa mchezo kukakatazwa.

Kumwita kunafanywa hivi. Mwindaji anatoa sauti ya kitu kidogo kinachoumia: sungura aliyekamatwa, mtoto wa kulungu anayemlilia mama. Puma mwenye njaa anasikia chakula. Mwindaji anakaa mahali ambapo upepo hautapeleka harufu yake kule anakotegemea mnyama atokee. Bafle haliweki miguuni pake. Analiweka mbali, ili mnyama akija atazame kule sauti inakotoka, asimtazame mwenye bunduki. Kisha anangoja. Puma hana haraka, anaweza kuchukua saa nzima, na huja bila kukanyaga jani kwa sauti. Kwa hiyo kazi inashikwa na mambo matatu: sauti ya kile mnyama anachokitafuta, mahali pa kuficha mwenyewe, na subira.

Sisi hapa hatukungoja kibafle ili kuyajua hayo. Nchi hii ni ya wawindaji toka zamani. Bayeke wenyewe, waliotoka upande wa Unyamwezi na kujenga Bunkeya pamoja na Msiri, walikuja nyuma ya shaba na nyuma ya tembo. Na katika misitu ya Kongo, mpaka Ituri kwa Wambuti, wawindaji wanajua kumwita paa kwa mdomo. Paa ni yule swala mdogo, mkubwa kidogo kuliko mtoto wa mbuzi, anayejificha vichakani. Mwindaji anabana pua kwa vidole viwili na kutoa mlio wa puani, mwembamba, unaokatika katika. Paa anatoka kichakani na kumjia.

Nkambo wangu mzaa mama aliwinda hivyo katika miombo, kaskazini ya reli. Nilipokuwa mtoto alinifundisha kubana pua, na wajomba wakacheka sababu sauti yangu ilikuwa ya mbuzi mgonjwa. Alinieleza kwa nini jike anakuja: anasikia mtoto yuko taabani. Hawezi kukaa. Anajua pori lina chui, anajua lina watu, na anakuja. Nkambo alikuwa na sheria zake. Hakuita mahali pamoja mara mbili katika mwezi mmoja. Hakuita katika miezi ambayo majike wana watoto wadogo, sababu alisema ukila mama leo, kesho kutwa hutapata hata mtoto. Na alikuwa na jambo moja alilolirudia kila mara: paa aliyekuja akakuona akatoroka, usipoteze tena mate yako kwake. Amekwisha kukujua.

Hilo wawindaji wa Marekani nao wanalisema. Mnyama aliyedanganywa kwa sauti fulani akaponea, anaifahamu. Ukiilia tena, anakaa kimya au anakwenda upande mwingine. Sauti ya uongo inatumika kama kiberiti: njiti ikiwaka mara moja imekwisha.

Kuna tofauti ya mdomo na mashine, na sheria za nchi nyingi zimeiona. Marekani hiyo hiyo, ambako majimbo fulani yanaruhusu kibafle kwa wanyama wanaokula nyama, imekataza kuwindia bata kwa sauti iliyorekodiwa. Mwindaji wa bata lazima apulize kipenga kwa pumzi yake. Ulaya nayo, katika Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, iliweka mashine za kurekodi sauti kwenye orodha ya vifaa visivyoruhusiwa, pamoja na sumu na mitego fulani. Mimi sababu yake naielewa kwa kazi yangu. Mdomo unachoka. Mwenye mdomo yupo pale pale, na akiita vibaya anaonekana. Mashine haichoki, inarudia neno moja usiku kucha, na mwenyewe anaweza kuwa mbali anakunywa chai.

Sasa swali la simba. Ndiyo, simba naye huitwa kwa sauti, na afadhali niseme kwamba siku hizi wanaofanya hivyo mara nyingi hawana bunduki, wana daftari. Nchini Uganda watafiti walizunguka mbuga za Queen Elizabeth, Murchison Falls na Kidepo na bafle kubwa, wakatoa kilio cha mtoto wa nyati aliyekamatwa. Simba na fisi walipokuja, waliwahesabu. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 2014. Queen Elizabeth inapakana na Virunga yetu, na simba hawaombi pasi kuvuka mpaka, kwa hiyo hesabu ile inatuhusu na sisi. Kenya, katika Masai Mara, njia hiyo ilitumika hata mapema zaidi.

Lakini kisa kinachonifurahisha ni cha Serengeti, Tanzania, kilichoandikwa mwaka 1994. Watafiti walirekodi simba majike wakinguruma, wakawasikilizisha majike wengine katika eneo lao. Mara nyingine ilikuwa sauti ya jike mmoja mgeni, mara nyingine sauti za majike watatu pamoja. Wenye eneo hawakukurupuka. Wakisikia mmoja, walimwendea. Wakisikia watatu, walisita, na walikwenda zaidi kama wao wenyewe walikuwa wengi. Maana yake simba jike, kabla hajainua mguu, anahesabu: kule kuna sauti ngapi, na huku tuko wangapi. Ngurumo ya simba inaweza kusikika hadi kilomita 8. Ingekuwa kila anayesikia anakimbilia, hakuna simba angefika uzee.

Kwa vijana wenye video, jibu langu ni hili. Inawezekana kumwita chui, lakini msijaribu. Kaskazini yetu kuna mbuga ya taifa ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, na mashariki kuna ile ya Kundelungu, ya mwaka 1970. Kuwinda ndani yake ni kosa la kisheria. Nchi yetu ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na ile ya kuhifadhi maumbile ya asili ya tarehe 11 Februari 2014. Wazee wa hapa husimulia usiku ambao simba walisikika. Ninyi mmekua mkisikia treni na malori. Wachache waliobaki si wa kuchezewa. Na kuna sababu nyingine nyepesi: chui ukimwita kwa kilio cha mtoto wa mbuzi, akija, anakuja kula. Yule Mmarekani kwenye video ana bunduki mkononi na mwenzake anayeshika kamera. Wewe utakuwa na telefone yenye chaji kidogo.

Kuna sauti moja ambayo wanyama hawaifuati, na iliponifikia habari yake nilicheka sana, sababu ndiyo ninayokulia bukari. Ni sauti ya mtu anayeongea. Kule California, katika milima ya Santa Cruz, watafiti waliweka bafle karibu na nyama ambayo puma ameua na kuificha. Puma akirudi kula, bafle linatoa sauti: ama vyura, ama watu wanaozungumza kwa kawaida. Vyura hawakumsumbua. Watu walimkimbiza, alichelewa kurudi, na muda wake wa kula ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ilitolewa mwaka 2017. Mwaka 2023 watafiti walieleza walivyofanya karibu na mbuga ya Kruger, Afrika ya Kusini. Walicheza sauti za watu kwa lugha za pale pale, na ngurumo za simba, kwenye visima vya maji. Twiga, pundamilia, chui, fisi, hata tembo na vifaru: wanyama walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kukimbia wakisikia watu kuliko wakisikia simba.

Mama mmoja anayelima nje ya mji ameniambia bila aibu kwamba usiku anaacha redio ikiongea katika mahindi yake ili nguruwe pori wasije. Kwa hiyo mjue kwamba programu yetu ina wasikilizaji wa kila aina. Lakini aliongeza jambo. Usiku wa kwanza hawakuja. Usiku wa pili hawakuja. Baada ya siku kadhaa walikula mahindi mpaka karibu na redio yenyewe. Walikuwa wamegundua kwamba ile sauti haina mwenyewe. Hakuna miguu nyuma yake, hakuna mkuki, hakuna mbwa.

Nisiache mfikiri kwamba kila mwito ni mtego. Katika miombo yetu kuna yule ndege mdogo anayeonyesha asali. Anakuja karibu na mtu, analia kwa kelele, anaruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa porini. Mtu anafukiza moshi, anatoa asali, ndege anabaki na nta. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao wanaporina asali wana mwito wao wa kumwambia ndege kwamba wako tayari. Watafiti walioandika mwaka 2016 walipima: mtu akitembea na mwito ule, nafasi ya kupata mzinga ilipanda kutoka kama 17 kwa 100 hadi 54 kwa 100, kuliko akitumia sauti nyingine. Wahadza wa Tanzania nao wana mwito wao, ni mluzi, na ndege wa kila mahali anaitika zaidi ule wa watu wake. Mwito huo umedumu vizazi na vizazi sababu moja: anayeita na anayeitwa wanaonana uso kwa uso chini ya mti, na wote wawili wanaondoka na kitu.

Sasa nije kwenye ile odio.

Wengi mliisikia. Ni sauti ya mwanaume, tulivu, anaongea Kiswahili cha kwetu vizuri. Anasema familia zote zilizohamishwa, waliotoka Mitwaba na Manono, waliotoka Kivu, na waliotolewa hapa hapa kupisha mgodi, wafike uwanjani asubuhi mapema wakiwa na fotokopi ya kadi ya mpiga kura na faranga 5,000 za dosie, sababu liste inafungwa siku ile. Hakusema jina lake. Alitaja ofisi moja inayojulikana, ambayo sitaitaja, sababu nilipowauliza walisema hawana habari nayo.

Watu walikuja. Wengine walitembea kuanzia saa kumi usiku. Nilikuta akina mama wameketi na watoto mgongoni. Vijana wawili wenye daftari walikuwa wamekwisha kupita, wamekusanya pesa za waliowahi, na wamekwenda kuleta mihuri. Hawakurudi. Mama mmoja aliniambia zile faranga zilikuwa za mfuko wa makala aliouza jana yake, na hakuna kingine nyumbani.

Jioni nilisikia watu wa mji wakisema wale wahamishwa ni wajinga. Nawajibu hapa kwa maandishi. Paa jike hatoki kichakani kwa ujinga. Anatoka kwa sababu ni mama. Mwindaji anachagua sauti ile ile ambayo mama hawezi kuiacha. Mtu aliyeacha shamba, nyumba na makaburi ya wazazi, akaambiwa miaka mingi angoje liste, masikio yake yako wazi usiku na mchana kwa neno moja tu, liste. Aliyetengeneza odio alijua hilo. Alifanya kama yule wa kwenye video, hatua kwa hatua: alitoa sauti ya kitu wanachokitafuta, akaweka bafle mbali na mwenyewe, akajificha upepo. Tena hakuweka bafle moja. Kila telefone iliyoipeleka mbele ilikuwa bafle lake, na nyingi zilikuwa za ndugu wema waliotaka kusaidia.

Pesa zimepotea, na zinauma. Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuja siku nane baadaye. Shefu wa mtaa alitangaza chanjo ya watoto. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na kwenye redio yetu pia. Walikuja akina mama wachache sana. Nilipopita kuuliza, mmoja alinijibu mlangoni: sisi hatutoki tena kwa sauti. Nilimwelewa. Ni yale ya nkambo, paa aliyekuona hawezi kuitwa tena. Tofauti ni kwamba safari hii aliyewaita hakuwa na mtego, alikuwa na chanjo ya surua, na watoto walibaki nyumbani.

Kwa hiyo siwaambii mfunge masikio. Nawaomba mfanye kama simba jike wa Serengeti, mhesabu kwanza. Odio ikifika, uliza nani anaongea: jina na kazi yake. Uliza iko wapi ofisi anayoitaja, na kama unaweza kwenda kugonga mlango wake. Uliza tarehe, sababu odio ya mwaka jana inaweza kuamka leo. Tafuta sauti ya pili: shefu wa mtaa, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, au sisi. Kama ni sauti moja tu inayorudiwa na telefone mia, bado ni moja. Na ikiitisha pesa kabla hujaona uso wa mtu, kaa nyumbani.

Sisi wa redio nasi tuna deni. Kuanzia sasa kila tangazo linalohusu familia zilizohamishwa litasomwa jioni baada ya habari, likiwa na jina la aliyelileta, tarehe, na mahali pa kwenda kuuliza. Likikosa kimoja, halisomwi. Asiye na redio aje getini kwetu aulize, hatutoi mtu nje.

Chanjo itarudiwa. Shefu wa mtaa amenithibitishia jana, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Siku na mahali tutasoma kesho jioni, na jina lake litakuwepo. Akina mama, tafadhali leteni watoto. Na yeyote ambaye bado ana ile odio kwenye telefone yake, asiipeleke mbele. Atuletee sisi, tunatafuta mwenyewe.